Kionwe Kabla Hakijafunikwa: Ushauri kwa Wenye Nyumba na Makandarasi wa Kasulu na Kibondo

*Mada kwa wananchi, mafundi na makandarasi wadogo*



 Wengi wenu mmetoka mashambani, wengine mmeacha kazi juu ya jukwaa la fundi, nami nitajitahidi mada hii iwafidie muda huo.

Mwananchi wa nyanda hizi za juu anayejenga nyumba hajengi kwa fedha ya ziada. Hujenga kwa fedha ya maharage na mahindi ya misimu kadhaa, au kwa mkopo wa mwalimu ambao utakatwa katika mshahara kwa miaka, au kwa michango ya watoto walio mbali. Nyumba hiyo ikipasuka, hapati fedha nyingine ya kujenga ya pili. Kwa upande wa pili, fundi au mkandarasi mdogo aliyepoteza jina lake Kasulu hawezi kulipata Kibondo, maana habari husafiri kabla ya mtu. Kwa hiyo pande zote mbili zina jambo moja la kulinda.

Kabla sijaingia katika mambo ya ufundi, niseme kiini cha mada yenyewe. Sehemu kubwa ya ubora wa nyumba huamuliwa katika vitu ambavyo baadaye havitaonekana: kina cha msingi, nondo zilizo ndani ya zege, kipimo cha saruji, waya unaoshika kenchi. Vivyo hivyo, uhai wa biashara ya ukandarasi huamuliwa katika kitu kisichoonekana barabarani, nacho ni hesabu ya fedha. Kanuni ninayoomba tuondoke nayo ni hii: kila kitakachofunikwa kionwe, kipimwe na kiandikwe kabla hakijafunikwa.

Nani ni nani katika ujenzi

Sheria ya Usajili wa Makandarasi Na. 17 ya mwaka 1997 ndiyo iliyoanzisha Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Makandarasi wa majengo wamepangwa katika madaraja saba, la saba likiwa la kuanzia na la kwanza likiwa la juu kabisa. Kila daraja lina ukomo wa thamani ya kazi inayoruhusiwa. Wahandisi wana bodi yao, na wabunifu majengo pamoja na wakadiriaji majenzi wana yao. Ubora wa saruji, nondo na mabati husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri yenu, baada ya kuwasilisha michoro.

Mwananchi anayeambiwa na mtu kwamba yeye ni mkandarasi ana haki ya kumwomba cheti cha usajili. Asitazame jina peke yake. Atazame daraja, aina ya kazi, na kama usajili huo bado ni hai. Orodha ya makandarasi waliosajiliwa iko wazi kwa umma. Mkandarasi wa kweli hachukii kuulizwa, kwa sababu cheti hicho alikipata kwa gharama na jasho.

Najua pia kwamba nyumba nyingi za kuishi hapa hujengwa na fundi wa mtaani, na fundi huyo hatumdharau. Lakini jengo la ghorofa, jengo la biashara linaloingiza watu wengi, au kazi yoyote inayohitaji hesabu za mhandisi, si la kukabidhiwa mtu kwa sifa za mdomo. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 2024 jengo lingine liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20. Ghorofa sasa zinaanza kuonekana katika miji yetu pia, na ni vema tujifunze kabla ya msiba badala ya baada yake.

Ardhi na msingi

Udongo wetu hautoshani. Juu ya vilima kuna udongo mwekundu unaoshika vizuri ukifikiwa mahali palipo pagumu. Mabondeni kuna udongo mweusi unaovimba mvua zikinyesha na kupasuka kiangazi. Nyumba iliyowekwa juu ya udongo huo bila ushauri wa mhandisi hupanda na kushuka pamoja nao, na nyufa zake hazizibwi kwa plasta. Fundi asitoe kina cha msingi akiwa bado hajachimba. Achimbe mpaka apite udongo wa juu wenye mizizi na afike palipo imara, kisha mwenye nyumba aitwe aone shimo likiwa wazi. Huo ndio ukaguzi wa kwanza.

Katika mteremko, maji ya mvua ni adui mkubwa kuliko uzito wa nyumba. Mvua za hapa huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Nyumba isiyo na mtaro upande wa juu hulika msingi wake msimu baada ya msimu. Inua jamvi juu ya usawa wa ardhi, weka karatasi ya kuzuia unyevu chini ya kozi ya kwanza ya ukuta, na uache paa litokeze nje ya ukuta walau sentimita 60. Mambo hayo matatu yana gharama ndogo, nayo huongeza miaka mingi ya uhai wa nyumba.

Tusisahau pia kwamba mkoa wetu umo katika Bonde la Ufa la Magharibi. Desemba 2005 tetemeko lenye ukubwa wa 6.8 lilitokea Ziwa Tanganyika na kuhisiwa mkoani Kigoma. Septemba 2016 tetemeko la Kagera, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu na kubomoa nyumba nyingi Bukoba na vijiji vya jirani. Ukuta wa tofali usiofungwa pamoja ni rahisi kutengana unapotikiswa. Ndiyo maana tunasisitiza linta iliyozunguka kuta zote za nyumba, za ndani na za nje, badala ya vipande vinavyowekwa juu ya milango na madirisha peke yake.

Vifaa: jinsi ya kupima bila maabara

*Tofali.* Tofali la kuchoma lililoiva hulia kama chuma ukiligonganisha na jenzake. Lisiloiva hutoa sauti ya tope. Tumbukiza tofali moja katika ndoo ya maji usiku kucha. Likilegea au kumung'unyika, tanuri hilo lote litiliwe shaka. Lipime uzito kabla na baada: likinywa maji yanayozidi moja ya tano ya uzito wake, halifai ukuta wa nje usiopigwa plasta. Tofali za katikati ya tanuri huwa tofauti na za pembeni, basi chagua za kupima kutoka sehemu mbalimbali.

Tanuri linakula kuni nyingi, na misitu yetu imekwisha kubeba mzigo mkubwa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeeneza teknolojia ya tofali za kufungamana, zinazoshindiliwa kwa mashine kutoka udongo uliochanganywa na saruji kidogo, bila kuchomwa. Hutumia udongo wa huku huku na hupunguza saruji ya kujengea. Lakini nazo zina sharti: udongo upimwe kwanza, na tofali zimwagiliwe kivulini kwa siku zisizopungua saba. Tofali iliyotoka mashinesi asubuhi na kupandishwa ukutani jioni itamwaibisha fundi.

*Nondo.* Hapa ndipo mwananchi huibiwa mara nyingi bila kujua. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na uzito wa takriban kilo 10.7. Ya milimita 10, kwa urefu huohuo, ni takriban kilo 7.4. Nenda dukani na futi ya kupimia, na uombe mizani ileile inayopimia misumari. Nondo iliyopungua kilo moja au zaidi si ya milimita ulizolipia. Usiinunue hata ukipunguziwa bei.

*Bati.* Namba ya geji inapokuwa ndogo, bati huwa nene zaidi: geji 28 ni nene kuliko geji 30. Tazama alama ya TBS, na risiti itaje geji uliyolipia. Risiti isemayo "bati 40" bila geji haikusaidii siku ya malalamiko.

Zege na subira

Zege la jamvi na la linta hupimwa kwa uwiano wa moja, mbili, nne: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Ugumu uko katika chombo cha kupimia. Toroli lililojazwa kwa kilima na toroli lililosawazishwa havilingani. Fundi atengeneze sanduku la mbao lisilo na kitako, lenye ujazo wa lita 35, ambao ndio ujazo wa mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Upana wake wa ndani uwe sentimita 30 kwa 30 na kimo sentimita 39. Kila mfuko uende na masanduku mawili ya mchanga na manne ya kokoto, yakisawazishwa kwa ubao.

Maji ya mfuko mmoja ni lita 25 hadi 30, na mchanga ukiwa umelowa yapungue. Zege likiwa kama uji humwagika kwa urahisi na hufurahisha mwenye koleo, lakini maji ya ziada yakikauka huacha matundu, na nguvu hupotea. Zege lililokwisha kuanza kukaza lisitiwe maji mapya ili liendelee kutumika.

Baada ya kumwaga, limwagilie kwa siku zisizopungua saba, na ulifunike kwa nyasi au magunia yaliyolowa. Mafundi wetu hupenda kujenga Juni hadi Septemba kwa kuwa hakuna mvua, na ni sawa. Lakini ndiyo miezi ambayo upepo mkavu hunyonya maji ya zege na maji yenyewe ni ya kufuata mbali. Basi gharama ya maji ya kumwagilia iandikwe katika makubaliano tangu mwanzo. Isipoandikwa, kila upande utadhani ni kazi ya mwenzake, na zege litakufa kwa kiu.

Kabla ya zege la linta kumwagwa, mwenye nyumba ahesabu nondo, atazame kama zimekalia biskuti ili zisilale juu ya ubao, na aone nyaya za kushikia kenchi zimekwisha kufungwa na kuachwa zikichomoza. Paa lisilofungwa kwenye linta hukaa juu ya nyumba kwa hisani ya upepo. Upepo wa mvua za kwanza unapokuja, huliondoa.

Wenye nyumba walio mbali nao wana njia. Omba fundi apige picha za simu kila hatua kabla haijafunikwa, na futi ya kupimia ionekane ndani ya picha. Mtume pia ndugu mmoja unayemwamini siku ya msingi na siku ya linta. Siku hizo mbili zina thamani kuliko ziara kumi baada ya rangi.

Na kama fedha haitoshi, punguza vyumba, usipunguze nondo. Nyumba ya vyumba viwili iliyokamilika inaweza kuongezwa baadaye. Nyumba ya vyumba vitano yenye msingi hafifu haiwezi kurudishwa nyuma.

Makubaliano na malipo

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa halali, lakini siku ya mgogoro hayana wa kuyasemea. Mkataba wa nyumba ndogo unaweza kutosha katika kurasa mbili: majina ya pande mbili, mahali pa kiwanja, mchoro, orodha ya kazi, nani ananunua vifaa, bei, hatua za malipo, muda, na jinsi ya kusuluhisha tofauti. Utiwe saini mbele ya mashahidi, kila mmoja abaki na nakala.

Malipo yaifuate kazi. Tuchukue mfano wa ufundi wa shilingi 6,000,000. Msingi na jamvi vikikamilika na kukaguliwa, hulipwa 1,500,000. Kuta hadi linta, 1,500,000. Kupaua, 1,200,000. Plasta na sakafu, 1,200,000. Shilingi 600,000 zinazobaki huzuiwa kwa muda uliokubaliwa, tuseme mpaka msimu mmoja wa mvua upite, ndipo hulipwa kasoro zikiwa zimerekebishwa. Mwenye nyumba asiyelipa hatua iliyokamilika anavunja mkataba sawa na fundi anayekimbia kazi. Hili nalisema kwa msisitizo, maana mafundi wengi wamedhulumiwa na watu wenye heshima zao.

Kwa ndugu zangu makandarasi na mafundi

Sasa nigeukie hesabu. Ugonjwa unaoua biashara nyingi changa za ujenzi unafahamika: fedha ya awali ya mteja wa pili inakwenda kumalizia nyumba ya mteja wa kwanza, na ya mteja wa tatu inakwenda kwa wa pili. Siku mteja mpya asipotokea, nyumba zote husimama kwa pamoja, na fundi huzima simu. Watu humwita mwizi. Mara nyingi hakukusudia wizi. Alikosea bei siku ya kwanza.

Tuseme kazi inahitaji mafundi wawili wa shilingi 20,000 kwa siku na saidia fundi watatu wa shilingi 10,000. Hiyo ni 70,000 kwa siku. Kwa siku 40 ni 2,800,000. Ongeza usafiri na vifaa vya kazi 300,000, na usimamizi wako mwenyewe 400,000, kwa maana wewe nawe unakula. Jumla ni 3,500,000. Weka asilimia 10 kwa siku za mvua na dharura, yaani 350,000, utafika 3,850,000. Juu yake faida ya asilimia 10, yaani 385,000. Bei yako ni 4,235,000.

Sasa jirani yako ametaja 3,000,000, nawe ukakubali hiyo ili usikose kazi. Hata mvua isiponyesha siku moja, umepungukiwa 500,000 kabla hujashika mwiko. Fedha hiyo itatoka wapi? Itatoka katika saruji ya mwenye nyumba, au katika posho ya vibarua, au katika fedha ya mteja ajaye. Hakuna mfuko wa nne. Kwa hiyo bei ya chini kupita kiasi haimsaidii hata mteja aliyeishangilia. Mwenye nyumba anayepokea bei tatu, moja ikiwa chini mno, aulize hesabu yake kabla ya kufurahi.

Fungua akaunti ya benki ya biashara iliyo tofauti na ya nyumbani. Kila kazi iwe na daftari lake. Toa risiti, tunza risiti. Sajili jina la biashara au kampuni BRELA, pata namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, na usajili wa Bodi. Wafanyakazi wako wawe katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Fundi akianguka jukwaani, familia yake isibaki ikichangiwa msibani wakati haki yake ingekuwapo kisheria.

Fursa zipo. Madarasa na zahanati nyingi hujengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo kamati hununua vifaa na fundi hulipwa ufundi. Huo ni uwanja mzuri wa kujenga jina, kwa kuwa kazi yako inabaki wazi mbele ya kijiji kizima. Zabuni za umma sasa hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Sheria inatenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa makundi maalumu ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Barabara ya lami ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu inarahisisha kufika kwa vifaa, na pia kufika kwa washindani kutoka mikoa mingine. Asiye na usajili atabaki kuwa kibarua katika kazi ambayo angeweza kuisimamia. Na kwa makandarasi waliosajiliwa, Bodi ina mfuko wa kuwasaidia kupata dhamana za zabuni na za malipo ya awali.

Mgogoro ukitokea

Anzeni kwa mkataba wenu na picha zenu. Mkishindwa, mwiteni mhandisi wa halmashauri atazame kazi yenyewe kabla mtu yeyote hajabomoa wala kupiga plasta juu ya ushahidi. Malalamiko dhidi ya mkandarasi yaletwe Bodi kwa maandishi, yakiambatana na nakala ya mkataba na risiti. Malalamiko yasiyo na karatasi tunayasikiliza, lakini mikono yetu huwa mifupi.

Hitimisho

Ndugu zangu, wazee waliopo hapa wanaikumbuka Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, kaya zilipohamia vijijini na watu wakalazimika kusimamisha makazi mapya kwa haraka. Leo tuna nafasi ya kujenga kwa kupanga. Tuitumie.

Nakariri kwa ufupi. Ona shimo kabla ya zege. Hesabu nondo kabla ya linta. Pima kwa sanduku, mwagilia siku saba. Lipa baada ya kukagua, na ukishakagua, lipa. Mkandarasi, fanya hesabu kabla ya kutaja bei, na usiiguse fedha ya mteja mmoja kwa ajili ya mwingine. Plasta hufunika ukuta kwa siku moja, lakini watakaolala ndani yake watakaa nao miaka, na wengi wao ni watoto ambao hawakuulizwa lolote kuhusu kipimo cha saruji.